Breki za Mbele za Mzee Odhiambo

Kianda, jioni

Mwende mwanangu,

Mambo ya safari yako ya Kisumu mama yako ameshayamaliza. Nguo amezikunja, dawa ya tumbo ameiweka mfuko wa pembeni, na amekwambia mara tatu usimpe mtu usiyemjua akushikie simu. Hapo mimi sina la kuongeza. Mmeenda Gatwekera kumuaga shangazi yako na mimi nimebaki na daftari lako la zamani la hesabu, hizi ni kurasa zake za nyuma. Mstari wa kwanza nimeuandika mara nne na kuukata mara nne. Huu wa tano nauacha ulivyo.

Ni kuhusu lile gari la Mzee Odhiambo. Tangu siku ile hatujalitaja hapa nyumbani. Najua ulidhani nanyamaza ili nisikuumize. Nilikuwa najificha.

Unajua pale gereji Kawangware wananiita Daktari. Hukuwahi kuniuliza jina hilo lilitoka wapi. Nilikuwa nimetoka Kitui bila cheti chochote, kazi yangu kuosha vyuma kwa mafuta ya taa. Siku moja gari likaingia likilia upande wa kulia, nami nikasema, bila hata kuligusa, kwamba ni beringi ya gurudumu. Likafunguliwa, ikawa beringi. Watu wakanipiga mgongoni, na tangu hapo nikawa Daktari. Sikumwambia mtu kwamba nilibahatisha. Baadaye nilibahatisha mara nyingi nikapata, na nilipokosa nilifungua kimya kimya, nikatengeneza kilichoharibika kweli, mwenye gari akaenda zake bila kujua. Niliishi hivyo miaka mingi. Ukishazoea kuitwa Daktari, unaona aibu kuonekana umeinua gari kwa jeki, umelala chini, unatafuta ugonjwa kama mafundi wengine.

Wewe hukuwa hivyo. Ulianza kuja gereji ukiwa darasa la sita, na sare yako ya shule, wakati mama yako alitaka uwe unapitia kwa shangazi. Ulimwambia kwa shangazi hakuna kitu cha kufungua. Ulipofika kidato cha tatu ulikuwa unavua gurudumu na kulirudisha haraka kunishinda. Na ulikuwa unauliza. Kila nati ulitaka kujua iko pale kufanya nini. Nilijivuna kwa ajili yako, Mwende, na wakati mwingine maswali yako yaliniudhi, kwa sababu mengine sikuwa na majibu yake.

Halafu Mzee Odhiambo akaja.

Unalikumbuka gari lenyewe, lile dogo la rangi ya maziwa lililonizidi umri, bampa zake za kung'aa, viti vimefunikwa vitambaa vilivyoshonwa na mkewe. Alikuwa dereva maisha yake yote, na alipostaafu gari hilo ndilo lilikuwa raha yake. Wiki nzima linakaa chini ya turubai, Jumapili linaenda kanisani. Alisimama mlangoni pa gereji, kofia mkononi.

"Daktari, breki za mbele zinashika," aliniambia. "Nikikanyaga zinakubali, nikiachilia hazitaki kuachilia. Nikifika kanisani magurudumu ya mbele yananuka kama kitu kinaungua."

Njoroge mchomeleaji alikuwa pale, na wateja wawili wakisubiri magari yao. Wote waliniangalia. Mikono yangu ilikuwa mfukoni na sikuitoa.

"Ni kalipa," nikasema. "Pistoni zimekula kutu ndani."

Sikuwa nimeinama. Sikuwa nimezungusha gurudumu hata kidogo.

Tukazifungua zile kalipa, wewe upande wa kushoto na mimi upande wa kulia, tukatoa pistoni zinazosukuma pedi zibane diski. Kweli kulikuwa na kutu kidogo, nikaiinua juu kila mtu aione. Gari la umri ule, popote utakapochungulia utapata kutu. Tukasugua, tukarudisha, tukaweka pedi mpya. Halafu ikawa kazi ya kutoa hewa. Nilikaa ndani nikikanyaga breki, wewe ukachuchumaa kwenye gurudumu na spana, unafungua nipo, ile nati ndogo ya kutolea hewa, unaifunga. Oili tuliyotia ilitoka kwenye mkebe uliokaa wazi chini ya meza yangu tangu mvua za masika. Hilo pia ni langu. Oili ya breki hunyonya unyevu ikiachwa wazi, na oili yenye unyevu huchemka upesi. Nilijua hilo kabla hujazaliwa.

Uliposimama ulikuwa umekunja uso, vile unavyofanya ukifikiri.

"Baba, gurudumu bado linashika," ulisema. "Ukikanyaga na kuachilia, halizunguki. Lakini nikifungua nipo linaachilia hapo hapo. Nikifunga, ukanyage tena, linashika tena. Nimejaribu mara tatu. Kama ni kutu, mbona nipo inalifungua?"

Sote tuliokuwa pale tulisikia. Mzee Odhiambo aligeuka kuniangalia. Njoroge akacheka akasema, "Daktari, leo umepata daktari wako."

Nikakwambia, "Hapa si darasani. Hapa tunafanya kazi. Pedi ni mpya, zitazoea njia. Funga hizo nipo, mzee aende."

Ulizifunga. Nilikuona ukizikaza moja baada ya nyingine, ukapanguza kila moja kwa kitambaa uone kama inavuja. Haikuvuja hata moja.

Sasa nikueleze ulichokuwa umekiona, kwa sababu nilikunyima jibu siku ile na ulistahili kulipata. Ile paipu ya mpira inayopeleka oili kwenye gurudumu ikizeeka huvimba kwa ndani. Kwa nje unaiona nzima. Mguu wa dereva una nguvu ya kusukuma oili ipite, lakini mguu ukitoka, oili haina nguvu ya kurudi ilikotoka. Inabaki imefungiwa huko chini, na breki inabaki imebana. Ukifungua nipo, oili inapata pa kutokea, gurudumu linakuwa huru. Kama pistoni ingekuwa imeshikwa na kutu, ungefungua nipo mpaka jioni na gurudumu lisingetikisika. Ulikuwa na miaka kumi na saba, na ulikuwa umepata ugonjwa kwa njia ambayo mimi mwenyewe ningepaswa kuutafuta. Kilichobaki kilikuwa kulegeza paipu kule juu inakoanzia, na kama gurudumu bado limeshika, unajua kizuizi kiko kwenye mpira, hakiko kwenye masta, ile pampu ya oili inayosukumwa na pedali. Dakika kumi tu. Nilikuwa najua uko sawa. Nilijua wakati Njoroge anacheka. Kwa hiyo sikukataa kwa kutojua.

Jumapili iliyofuata waliteremka kutoka kanisani, Mzee Odhiambo na mkewe, Mama Achieng', amekaa mbele kando yake. Barabara ilikuwa na watu, akawa anakanyaga na kuachilia, anakanyaga na kuachilia. Breki zilikuwa zinabana muda wote, joto likapanda mpaka oili ikachemka. Akiwa kwenye mteremko pedali ikaenda hadi chini kama haijashikwa na kitu. Mbele yake kulikuwa na akina mama wanauza mboga. Akakata kona, akaligonga gari kwenye ukuta wa mtaro. Yeye hakuumia. Mama Achieng' alitanguliza mkono wa kulia.

Ulikuwa shuleni Jumatatu gari lilipovutwa hadi gereji, kwa hiyo sehemu hii huijui. Niliingia ndani kabla watu hawajakusanyika, nikakanyaga breki. Pedali ilikuwa ngumu. Oili ilikuwa imepoa, na ikipoa pedali hurudi. Nikafungua boneti, chupa ya oili ilikuwa imejaa. Nikalala chini, nikashika nipo zote mbili kwa vidole na halafu kwa spana. Zilikuwa zimekazwa. Magurudumu yalikuwa makavu. Mwende, nipo ikiachwa wazi oili humwagika, chupa hubaki tupu, gurudumu hulowa. Hakukuwa na tone. Kazi yako ilikuwa safi.

Mzee Odhiambo akafika na mdogo wake, mtu mrefu mwenye hasira. Gereji nzima ikasogea.

"Nani aligusa breki hizi?" huyo mdogo wake aliuliza.

"Ni mimi," nikasema. Ningenyamaza hapo ningekuwa bado mtu. Lakini aliponisogelea ameinua mkono, na nikawaona wale wote wananitazama, nikaongeza: "Lakini nipo zilifungwa na msichana wangu."

Nilichosema kilikuwa kweli. Kweli ulizifunga. Nikakiacha hapo, wao wakamalizia wenyewe. Mtu wa nyuma akasema, "Msichana na breki, wapi na wapi." Yule mdogo wake akashusha mkono. Mzee Odhiambo akatikisa kichwa, akasema, "Basi ni mtoto. Mtoto utamfanya nini?" Nami nikainamisha kichwa kama baba aliyebeba kosa la mwanawe.

Walipoondoka nilikata ile paipu kwa msumeno. Tundu la ndani halingepitisha njiti ya kiberiti. Nikaitupa kwenye choo cha shimo, nikaweka paipu mpya pande zote mbili, na tangu siku hiyo breki hazijashika tena.

Ulirudi jioni umeshasikia njiani. Ulisimama mlangoni na begi mgongoni.

"Baba, nilisahau kukaza?"

Nilikuwa nakunywa chai. Nikakwambia, "Makosa hutokea, mwanangu. Usijali."

Nimeyarudia maneno hayo kichwani miaka miwili. Nilikusamehe kosa ambalo hukulifanya, na ukanishukuru. Kumbuka, ulisema, "Asante, Baba."

Ukaacha gereji. Hakuna aliyekufukuza. Uliosha mikono kwa sabuni ya unga na hukurudi tena. Na Jumamosi ikifika ukawa unatembea kutoka hapa hadi Kawangware kumfulia Mama Achieng' nguo na kumchotea maji, kwa sababu vidole viwili vya mkono wake wa kulia vilikataa kukunjika, na yeye ni fundi wa nguo. Baadaye ukaanza kumshikia mkasi. Baadaye ukawa unakata vitambaa mwenyewe, yeye anaelekeza. Mama yako aliwaambia majirani una moyo mzuri. Mimi nilikuwa nakaa hapa kitandani nikivaa viatu, nakutazama unaondoka, na nilikuwa najua.

Kuna Jumamosi ulirudi vidole vimenyauka kwa sabuni, ukaniambia, "Leo Mama Achieng' amecheka, Baba." Ulikuwa na furaha sana. Nikasema, "Vizuri." Nikatoka nje nikatembea mpaka kituo cha matatu cha Olympic na kurudi, nikijiambia kwamba nikirudi nitakwambia. Niliporudi ulikuwa unapika. Nikala.

Ungeniuliza kwa nini sikusema, ningekupa sababu nyingi. Kwamba ungeumia zaidi. Kwamba Mzee alikuwa ameshasamehe. Kwamba gereji ikikosa wateja tutakula nini. Kila wiki nilipata sababu mpya, na kila wiki kusema kulikuwa kugumu zaidi, kwa sababu sasa ningelazimika kueleza na zile wiki zote zilizopita. Ningalisema siku ya kwanza, lingalikuwa kosa la fundi mwenye kiburi. Nililiacha likawa hili.

Jumatatu ya wiki hii nilikuona unafunga mtungi wa gesi. Ukakaza, ukaondoka, ukarudi ukashika tena, ukaondoka, ukarudi. Halafu ukamwita mama yako, msichana wa miaka kumi na tisa, ukamwambia, "Mama, hebu angalia kama nimefunga kweli." Mama yako alicheka akasema unazeeka mapema. Mimi nilielewa nilichokuwa nakitazama. Wewe uliyejaribu mara tatu na kuamini mkono wako mbele ya wanaume wote wale, sasa huuamini tena. Nilikuchukulia kitu hicho nikakitumia kujifunika.

Jana nilikwenda kwao. Mzee Odhiambo alinikaribisha, Mama Achieng' akataka kuweka chai. Nikamwambia asiweke kwanza. Nikawaambia yote kama nilivyokuandikia hapa, paipu, mkebe wa oili, choo cha shimo. Ilichukua muda mfupi tu, na hilo lilinishangaza.

Mama Achieng' aliuweka mkono ule juu ya meza ya cherehani.

"Baba Mwende," alisema, "huyo mtoto amekuwa akinifulia Jumamosi ngapi?"

"Nyingi."

"Na wewe ulikuwa unajua."

"Nilijua."

"Siku ya kwanza alipokuja nilimwacha amesimama nje kwenye mvua. Nilitaka anione nikiwa na hasira. Ulijua hilo?"

Sikujua. Hukuwahi kutuambia.

Mzee Odhiambo hakupaza sauti. Alisema, "Gari ni langu na mkono ni wa mke wangu. Hayo tutayamaliza mimi na wewe, na hatutayamaliza leo. Lakini mtoto ni wako. Nani amwambie, kama si wewe? Na umwambie kabla hajapanda gari la Kisumu." Kisha akafungua mlango, akaushikilia hadi nikatoka. Chai haikuwekwa.

Leo asubuhi niliwaambia watu wa gereji. Niliwaita wakiwa wanakunywa uji. Njoroge alishusha kikombe akaniuliza, "Kwa hivyo yule msichana alikuwa sawa?" Nikasema alikuwa sawa, tangu mwanzo. Hakucheka safari hii. Alisema, "Na sisi tulimtupia maneno kila akipita hapo nje." Mteja mmoja akachukua funguo za gari lake mezani akaondoka. Sikumwita. Mchana nilimwambia mama yako. Hajasema nami neno tangu saa hizo, na kama umemwona amenyamaza njiani leo, hana neno na wewe. Alitaka kukueleza mwenyewe, nikamwomba aniachie mimi.

Kuhusu Kisumu, kuna jambo lazima nikuulize ingawa sina haki ya kuuliza. Dada yake Mama Achieng' ana karakana nzuri ya ushonaji, na kila mtu anasema mkono wako ni mwepesi kwenye kitambaa. Mimi sijui kama unaipenda kazi hiyo au uliingia humo kwa ajili ya mkono uliodhani umeuvunja wewe. Huenda hata wewe hujui, kwa sababu hukuwahi kupewa nafasi ya kujua. Kama unaipenda, nenda, na uende mwepesi, huna unachokilipia huko. Kama si yako, una miaka kumi na tisa. Chuo cha ufundi kipo Kisumu pia. Usibaki nyumbani kwa sababu yangu, na usiondoke kwa sababu yangu.

Ya kukushauri sina mengi. Mtu aliyefanya nililofanya akianza kutoa mashauri unapaswa kumwangalia vizuri. Ila hili nimelinunua mwenyewe, kwa hiyo chukua. Utafika siku utajua umekosea, na watu watakuwa wamesimama wanakutazama, na kutakuwa na mtu mdogo kuliko wewe karibu, ambaye lawama ingemwenea vizuri. Itakuwa rahisi sana. Hutahitaji hata kusema uongo. Siku hiyo sema jina lako, halafu ufunge mdomo. Uso wako utawaka moto siku mbili tatu. Mimi wangu haujapoa mpaka leo.

Sikuombi unisamehe. Wakati ule nilikusamehe kwa urahisi mno, na sasa najua neno hilo linaweza kufanya uharibifu gani likitamkwa bila kumgharimu mtu chochote. Chukua muda wako. Ukitaka mwaka, chukua mwaka.

Barua hii nitaiweka juu ya begi lako, uisome kabla hujalala, ili usiipate ukiwa mbali ambako huwezi kunijibu usoni. Kesho nataka nikubebee hilo begi hadi stendi. Ukiona ni afadhali mama yako aende nawe, sema tu, nitabaki. Na kama kuna unachotaka kuniuliza, niulize, hata mbele ya watu, hata kwa sauti. Nitasimama nikujibu.

Mimi baba yako,
Musyoka